Methusela Alikuwa Wapi?

Jumapili, 3 Februari

Shikamoo Bibi,

Natumaini miguu imepungua kuvimba na dawa unazinywa badala ya kuzipanga dirishani. Sisi hatujambo. Nakuandikia nikiwa nimepiga magoti sakafuni, wala si kwa sala.

Walimu wa watoto pale kanisani wamenipa kazi. Wanataka mchoro wa ukutani unaoonyesha wazee wa mwanzo wa Maandiko, kuanzia Adamu hadi Nuhu: nani kamzaa nani, na kila mmoja aliishi miaka mingapi. Wamenitafuta mimi kwa sababu ndiye mchora ramani za majengo pekee wanayemjua. Nadhani wanaamini anayeweza kuchora vyoo vya ghorofa tatu hawezi kushindwa na Methusela. Nikakubali. Nikachukua karatasi ya roli kutoka ofisini (bosi karuhusu, usianze), nikaamua mwaka mmoja uwe milimita moja, na kila mzee awe mstari mnene kama bomba la maji, unaoanzia alipozaliwa na kuishia alipokufa.

Bibi, hujui watu hawa walivyo warefu mpaka uwachore. Adamu peke yake alimaliza meza. Methusela amekosa vidole viwili tu kufika mita nzima. Ikabidi nihamie kwenye korido, na bosi alipopita akamruka Mahalaleli akasema, "Samahani mzee."

Majina haya nimeyasikia tangu utotoni, wewe ukinisomea na mimi nikisinzia kabla hujafika kwa Kenani. Ila kwenye mchoro nimeona mambo ambayo masikio hayakuwahi kuyaona. Nilikuwa nadhani walipokezana, mmoja akifa ndiyo mwingine anaanza. Kumbe waliishi pamoja, wamelundikana kama nguo kwenye kamba. Lameki, baba yake Nuhu, alikuwa mtu mzima wa miaka hamsini na kitu siku Adamu alipokufa. Angeweza kwenda kumuuliza mwenyewe, "Mzee, lile tunda lilikuwa na ladha gani?" Nuhu ndiye wa kwanza katika safu yote kuzaliwa Adamu akiwa hayupo tena.

Halafu kuna Henoko. Wenzake wote habari zao zinafungwa kwa neno moja, akafa. Yeye anatembea na Mungu, kisha haonekani. Mstari wake sikujua niumalizie vipi. Wenzake nimewawekea kizibo mwishoni. Yeye nimemwacha wazi.

Lakini lililonipigisha magoti ni hili. Nilichora gharika kwa kalamu nyekundu, kutoka juu ya karatasi mpaka chini. Lameki aliishia kabla ya wekundu kidogo, yaani alikufa kabla ya baba yake, na Methusela akamzika. Halafu mstari wa Methusela mwenyewe ukaenda, ukaenda, ukagusa wekundu pale pale. Nikadhani nimekosea. Nikajumlisha upya kwa kikokotoo cha ofisi. Ndivyo ilivyo. Alikufa mwaka ule ule wa gharika.

Sasa niambie, Bibi. Methusela alikuwa wapi? Alikufa kitandani mvua haijaanza, au mlango wa safina ulifungwa mjukuu wake yumo ndani, naye yuko nje? Walioingia ni Nuhu na mkewe, wanawe watatu na wake zao. Babu hatajwi. Sijawahi kusikia mtu akiuliza, na sasa sipati usingizi.

Mama anakusalimu. Siku hizi ana shughuli nyingi, ndiyo maana haandiki.

Mjukuu wako,
Rula


Jumanne, 12 Februari

Rula, mke mwenzangu,

Marahaba. Dawa nakunywa. Zilizoko dirishani ni za mwezi ujao.

Barua yako nimeisoma mpaka chai ikapoa. Wewe umeiangalia sura ile kwa macho ya mchora ramani, ngoja nikuambie inavyoonekana kwa macho ya mkunga mstaafu. Wanaume wanazaa mwanzo hadi mwisho. Sethi akamzaa Enoshi, Enoshi akamzaa Kenani. Mimi nimefanya kazi wodi ya wazazi mpaka nywele zikageuka rangi, na mwanamume pekee niliyewahi kumlaza mle ndani ni yule aliyezimia mlangoni alipoona beseni. Yaredi alimpata Henoko akiwa na miaka mia na sitini na miwili. Sawa, hongera zake. Mkewe alikuwa na mingapi? Alitapika asubuhi? Nani alimkanda mgongo? Kila mzee pale, baada ya yule mtoto aliyetajwa, tunaambiwa akazaa wana, waume na wake. Watoto wa miaka mia saba na zaidi wamefungwa kwenye maneno matatu.

Ukirudi nyuma kidogo kwenye ukoo wa Kaini kuna Lameki mwingine, si huyu wako. Yule wake zake wametajwa, Ada na Sila. Na ana binti, Naama. Kaka zake Naama kila mmoja ana sifa yake: huyu baba wa wafugaji, huyu wa wapiga vinubi, huyu mfua vyuma. Naama kakalishwa mwisho wa sentensi, jina tu, hana kazi wala mume wala kisa. Nimemuwaza wiki nzima. Mtu hatajwi bure. Mimi naamini alikuwa mkunga, na waliomtaja walishindwa kumruka kwa sababu wote aliwapokea yeye.

Sasa swali lako la mwisho. Nililisoma, nikavua miwani, nikaivaa, nikalisoma tena. Babu mzee sana. Mjukuu anatengeneza chombo cha kuondokea. Mlango unafungwa, babu yuko nje.

Nani kakutuma uniulize hivi?

Mama yako alipokuja mwezi uliopita alizunguka vyumba vyote akipiga picha kwa simu, hadi jikoni. Akafungua kabati la nguo, akalifunga. Akaniuliza, kama mtu anayetania, kama nisingependa kwenda kukaa kwa mama yako mdogo, maana kule kuna bustani. Mimi yaliyoisha ni masikio. Macho yapo. Kama kuna safari, semeni.

Mnaondoka lini?

Bibi yako


Jumatano, 20 Februari

Shikamoo Bibi,

Umenifanya nikae chini. Naapa sikutumwa na mtu. Nimeuliza habari za Methusela, nikimaanisha Methusela.

Nimempelekea swali mchungaji pia, akacheka akasema nimefika mahali watu walipofika zamani sana. Inaonekana hesabu hazilingani katika nakala zote. Kwenye Maandiko ya Kiebrania ni kama nilivyochora, anakufa mwaka wa gharika. Wasamaria nao wana nakala yao, na kwao ni zaidi: Yaredi, Methusela na Lameki wote watatu wanaishia mwaka ule ule, kama waliopanga. Lakini tafsiri ya kale ya Kiyunani, katika baadhi ya nakala zake, imeongeza na kupunguza miaka hapa na pale, na ukijumlisha unakuta Methusela ameishi miaka kumi na minne baada ya gharika. Hakuingia safinani, na hakufa majini. Mchungaji anasema wasomi wa kale walikuna vichwa hasa. Wapo waliotafuta namna ya kumwokoa, wapo waliosema mnakili alisinzia.

Nilichora upya kwa hesabu za Kiyunani, kwa penseli, juu ya ule wa kwanza. Mstari wake unavuka wekundu na kutokea upande wa pili, umekauka kabisa. Sijui nicheke au niogope. Ulikuwa wapi, mzee? Juu ya mlima gani?

Kuhusu Naama nakubaliana nawe. Nimemchora pembeni kwa wino wa kijani, bila miaka kwa kuwa hana. Mwalimu mmoja kaniuliza ni nani huyu, nikamwambia mkunga.

Kazini tuna jengo jipya la shule, nachora ngazi kutwa.

Mjukuu wako,
Rula


Jumatano, 27 Februari

Rula,

Marahaba. Hao Wayunani nimewapenda. Angalau walimtafutia babu nafasi.

Umeniandikia ukurasa mzima wa Wasamaria na Wayunani, na ngazi za shule, na kuhusu mama yako hujaandika hata mstari. Tangu uko mdogo, ukivunja kikombe ulikuwa unakuja kunisimulia habari za paka.

Nasubiri.

Bibi


Jumatano, 6 Machi

Shikamoo Bibi,

Sawa.

Baba amepata kazi ng'ambo, mbali, ya kupanda ndege mbili. Ni kazi nzuri, ile aliyokuwa anaitafuta tangu kiwanda kifungwe. Tunaondoka sote mwezi wa nane. Mimi nimekubaliwa kuendelea na masomo kule huku nikifanya kazi. Mama alituambia tusikwambie mpaka mambo yawe ya uhakika. Yamekuwa ya uhakika tangu Januari, na bado hajakwambia.

Usimkasirikie, Bibi. Namwona anavyokuwa. Anaosha sahani zilizokwisha kuoshwa. Siku moja anasema kule ni baridi, tutaishi juu kabisa bila lifti, Bibi na miguu yake atakuwa mfungwa ndani, hatamjua mtu hata wa kumsalimia. Kesho yake anasema haiwezekani kumwacha mama yake peke yake na shinikizo la damu. Baba anamwambia, "Basi muulize mwenyewe." Mama anatoka, anaenda kufua. Alipokuja kwako alikuja kukwambia. Alirudi na picha za vyumba, akasema hakupata nafasi.

Nilipokuuliza habari za mlango sikuwa nimefikiria haya, au nilikuwa nimefikiria bila kujijua, sielewi. Nilipopata barua yako ndiyo nikaona nilichoandika. Usiku ule nikarudi kwenye sura zile kutafuta kitu kimoja. Nuhu anaambiwa vipimo vya safina, aina ya mti, lami ya ndani na nje, dirisha, wanyama. Nimesoma mstari kwa mstari. Hakuna mahali palipoandikwa kwamba alimwendea babu yake akamuuliza.

Basi mimi nakuuliza. Bibi, utakuja nasi?

Rula


Jumamosi, 9 Machi

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta salama.

Binti yangu ameniambia alichokuandikia. Nimemgombeza, kisha nikakosa la kuendelea kumgombezea. Nilitaka uyasikie kwangu. Kwa simu unasikia nusu, na nusu nyingine unajaza mwenyewe, nikaona hili siwezi kulipigia kelele kwenye simu mpaka majirani walijue kabla yako. Nikaja. Nikakaa kwenye kiti chako siku nzima, ukanilisha, ukaniuliza mbona nimekonda, ukanifungashia. Kila nilipofungua mdomo ulikuwa unaniwekea kitu kwenye sahani.

Inawezekana kukuchukua, Mama. Tumeulizia. Chumba kipo, kidogo, kina dirisha. Kama utakuja, nitafurahi na nitaogopa kila siku ukishuka ngazi. Kama hutakuja, sijui nitakuwaje. Nilikuwa naogopa jibu lolote utakalonipa, ndiyo maana nikazunguka nyumba napiga picha kama dalali.

Sasa nakuuliza kwa mkono wangu. Tafadhali nijibu kwa mkono wako.

Binti yako


Jumanne, 19 Machi

Binti yangu, na Rula asome pia, maana atasoma tu,

Marahaba nyote wawili.

Nimeulizwa mara mbili kwa juma moja. Asanteni. Nilikaa mwezi mzima nikidhani sitaulizwa, nikawa namjibu ovyo kila anayenisalimia.

Siji.

Kaa chini, maliza kusoma. Sikatai kwa hasira, na sikatai kwa ajili ya ngazi. Ninyi mmenificha jambo lenu, nami ninalo langu. Tangu mwaka jana nimerudi kazini. Zahanati ya hapa walipata wakunga wapya watatu, wasichana waliotoka chuoni na vyeti vinavyong'aa, na mganga mkuu akaja kuniomba niwe nakaa nao mara mbili kwa wiki. Nakaa kweli, wameniletea kiti chenye mto. Sishiki mtu. Natazama, na nikiona mkono unakwenda haraka nasema, "Taratibu." Yule mrefu ananiogopa. Yule mfupi anajua mambo ya mashine ambayo mimi sikuwahi kuyaona, ananifundisha, nami namfundisha kusikiliza tumbo kwa sikio lisilosikia simu. Cha ajabu, tumboni nasikia. Yule wa tatu anaimba akiwa kazini na wazazi wanampenda, nimeshindwa kumkosoa.

Sikukwambia kwa sababu ungesema shinikizo la damu, ungesema miguu, ungempigia mganga mkuu. Mdogo wako anajua, usimlaumu, nilimtisha. Siku ile ulipokuja nilikuwa nimeificha sare yangu. Iko kwenye kabati lile ulilofungua. Ulifungua mlango wa kushoto.

Na sasa Methusela. Rula, ninyi wote, na mchungaji, na Wayunani, mnamwona amesimama nje anagonga, maji yamefika magotini. Mimi nimemfikiria sana mzee huyu, na simwoni mlangoni kabisa. Namwona yuko nyumbani kwake, na kuna mtu amekuja kumuuliza jambo. Mtu wa miaka mia tisa na ushee ataulizwa mengi. Nuhu akaja akasema, "Babu, twende." Akamjibu, "Nenda mwanangu, kuna mgonjwa anakuja saa hizi." Halijaandikwa, najua. Basi na hayo ya kumfungia nje hayajaandikwa.

Njooni mwezi wa saba mkae nami kabla ya kuondoka. Mje na huo mchoro nimwone Naama. Binti yangu, usilie ukifua, sabuni inaingia machoni.

Mama yako


Jumatatu, 2 Septemba

Shikamoo Bibi,

Tumefika salama. Kule uwanja wa ndege ulisema usingependa barua ya kilio, kwa hiyo nimengoja wiki tatu.

Nyumba iko juu kabisa kama Mama alivyosema. Kutoka dirishani naona mapaa na mabomba ya moshi, na kijumba cha kusubiria basi ambapo watu wanasimama bila kusalimiana. Baba anatoka mapema na kurudi amechoka lakini anapiga mluzi. Mama amepanga jikoni mara tatu. Jana alikaa muda mrefu na ile picha tuliyopigwa kwako sebuleni, wewe na sare yako, umekunja uso kama askari.

Mchoro tuliwaachia watoto, umebandikwa. Mwalimu anasema wanapenda kupima urefu wao kwa Methusela. Huku nimeanza kipande kinachofuata, kutoka Shemu hadi Abramu, kwenye karatasi ndogo maana sina tena roli ya bosi. Watu wanafupika, Bibi. Shemu miaka mia sita, wanaomfuata mia nne na kitu, halafu ghafla mia mbili na kitu, Nahori hafiki mia na hamsini. Nini kiliwapata?

Yupo mmoja jina lake Pelegi, na wanasema jina hilo linatokana na kugawanyika, kwa kuwa siku zake nchi iligawanyika. Baba yake ni Eberi, na jina lake lina maana ya ng'ambo, upande wa pili, kuvuka. Fikiria hiyo familia: baba Kuvuka, mwana Kugawanyika. Nilipowachora nikaona Eberi alibaki hai muda mrefu baada ya Pelegi kufa, akawazika wajukuu na vitukuu, mpaka Abrahamu mwenyewe akazikwa Eberi angali hai. Kila ukitazama juu kwenye karatasi, yupo. Nataka kujua alikuwa anafanya nini siku zote hizo, na kama waliotawanyika walikuwa wanamtumia salamu.

Mama ameniomba niache nafasi chini, anataka kuongeza neno.

Rula


Mama, shikamoo.

Juma lililopita nilikwenda kupimwa afya, kila mgeni anapimwa. Daktari mwanamke akaniuliza maswali mengi: magonjwa ya ukoo, upasuaji, halafu akauliza nilizaliwaje, kama mama yangu alijifungua salama. Nikamwambia mama yangu ni mkunga. Akatabasamu, akasema, "Basi atakuwa amekusimulia." Umenisimulia kuzaliwa kwa watoto wa mtaa mzima. Umenisimulia mapacha wa fundi saa, na yule aliyezaliwa na jino. Kwangu sijui chochote, na umri wangu huu sikuwahi kuuliza.

Nilizaliwaje, Mama?

Binti yako


Alhamisi, 19 Septemba

Binti yangu,

Marahaba. Mwambie Rula watu walifupika kwa sababu walianza kuhamahama, na kwamba Eberi salamu alikuwa anapata, ila zilikuwa zinachelewa.

Swali lako limenishangaza. Niliwahi kujiandaa kulijibu ulipokuwa msichana, hukuuliza. Nikajiandaa tena ulipopata mimba ya Rula, ukauliza mambo ya vitamini. Nikadhani hutaki kujua.

Ilikuwa asubuhi, saa ya chai. Nilikuwa mkunga mwenye mwaka mmoja kazini, mimba yangu ya kwanza, na nilijiona kama vile hayo mambo huwapata wengine tu. Baba yako aliniambia nipumzike, nikamjibu kwamba tarehe bado, mimi ndiye mwenye kujua tarehe. Nikaenda kazini.

Ilikuwa inanyesha mvua ya kupiga mabati, huwezi kumsikia aliye mbele yako. Wodini tulikuwa wawili, mimi na nesi mwenzangu, naye alikuwa amekwenda jengo la pili kuchukua mashuka makavu na mvua ikamzuia huko. Kulikuwa na mzazi mmoja tu, mwanamke mnene, muuza ndoo sokoni, aliyelala kitanda cha dirishani. Nilikuwa nimetoka kumzalisha. Mtoto wa kiume, wa nne kwake, alitoka kama anayekimbilia basi. Nilikata kitovu, nikamfunga mtoto, nikampa mama yake, nikainama kuchukua beseni.

Sikuinuka. Maji yalinimwagikia miguuni, nikajua, na papo hapo nikajua pia kwamba hakuna muda. Nimewahi kuwaambia wanawake wangapi watulie. Nilipiga kelele kwa jina la nesi na mvua ikaimeza. Nikatambaa mpaka kitanda cha pili, nikapanda nusu, nusu ikabaki sakafuni. Kila nilichojifunza chuoni kilikuwa kichwani, kimepangwa vizuri, na hakuna hata kimoja kilichoshuka mpaka mikononi. Nilikuwa naogopa, binti yangu. Nilikuwa nawaza kwamba utaanguka kwenye saruji.

Yule mwanamke alinitazama. Alimlaza mtoto wake miguuni pa kitanda, akamzungushia mto asibingirike. Akashuka, akishikilia ukingo wa kitanda, maana alikuwa bado anatetemeka miguu na damu haijakauka. Akaja akapiga magoti mbele yangu. Hakuwahi kumpokea mtoto wa mtu maishani mwake. Alizoea ndoo. Alikuwa na mikono mikubwa na alikuwa ameiosha kwenye maji ya beseni bila kuambiwa.

Jina lake silijui. Mchana ule nililala kama jiwe, na kesho yake nilipoamka mumewe alikuwa amemchukua. Nesi alisema aliniaga, alinigusa shavu, sikuamka. Nilimtafuta sokoni baadaye, na wewe mgongoni. Waliniambia walihama, hawakujua wapi. Kwa hiyo nikiulizwa nani alikupokea duniani, nasema mwanamke wa kitanda cha dirishani, na naishia hapo. Labda ndiyo maana sikukusimulia. Nilitaka kwanza nimpate nikuambie anaitwa nani.

Lakini sauti yake ninayo. Aliniangalia usoni, mvua inapiga, akaniuliza kwa kelele, "Nishike wapi?"

Nikamwambia, "Shika kichwa. Kishikilie tu, usivute. Mwache aje mwenyewe."

Ukaja.

Mama yako